Cyberpunk 2077: kama una PS4, acha

CD ya Cyberpunk 2077 ya PS4 bado inazunguka kwenye maduka ya magemu ya mitumba, na muuzaji atakuapia kwamba ni gemu kali. Ni kali kweli. Ila kama mashine uliyonayo nyumbani ni PS4, hela yako itunze.

Waliokuwa wakiifuatilia wanakumbuka. CD Projekt Red, kampuni ya Poland, waliitangaza mwaka 2012, wakaisogeza mbele mara tatu, hatimaye wakaiachia Desemba 10, 2020. Kwenye kompyuta zenye nguvu ilichezeka. Kwenye PS4 na Xbox One ilikuwa balaa: picha zinakwama, gemu inajizima yenyewe, watu wamesimama barabarani mikono wameinyoosha kama misalaba, polisi wanachomoza mgongoni kwako ghafla. Hata wa kompyuta hawakupona, maana faili la kuhifadhi mchezo likivuka megabaiti 8 liliweza kuharibika. Yaani yule aliyeupekua mji kwa bidii na kuokota kila kitu ndiye aliyekuwa karibu zaidi kupoteza vyote. Wiki moja tu baada ya kutoka, Sony wakaiondoa kwenye duka lao la mtandaoni, ikarudi Juni 2021.

Kinachoniuma si hitilafu. Gemu unayoachiwa mji mzima utembee utakavyo haiwezi kukosa hitilafu. Kinachoniuma ni kwamba watu walilipia kabla ya kuiona ikichezwa kwenye mashine zao, na kampuni yenyewe ikaja kuomba radhi kwa kutowaonyesha. Wengi wa wenye PS4 hawana uwezo wa kununua mashine mpya kila zinapotoka. Hao ndio walipaswa kuambiwa ukweli mapema.

Mimi nimeicheza kwenye PS5, baada ya apdeti ya 2.0 ya Septemba 2023, na ninaipenda kwa dhati. Polisi sasa wanakufukuza kwa magari, barabara hadi barabara. Mfumo wa ujuzi umesukwa upya, hivyo ukiamua kuwa mtu wa panga au mtu wa kudukua mitambo, unaona tofauti kabisa kwenye mapigano.

Lakini kilichonishika ni watu wake. Kuna kazi moja ya Judy, fundi wa kumbukumbu za watu. Anakuomba uzame naye ziwani kuangalia mji aliokulia, uliofunikwa na maji. Hakuna risasi hata moja. Mnaogelea kati ya nyumba, mnafika kanisani, anakuonyesha hiki na kile na kukusimulia utoto wake, huku mawazo yake yakiingia kichwani mwako kupitia kifaa mlichounganishwa. Niliacha kubonyeza chochote, nikawa namsikiliza tu. Nani mwingine kwenye magemu makubwa anakupa nafasi kama hiyo? Na tukio hilo lilikuwemo tangu siku ya kwanza, 2020, chini ya uozo wote ule. Walioliandika walistahili kupewa muda.

Udhaifu bado upo. Milango mingi ya Night City, mji wa gemu hii, haifunguki, na wapita njia hawana la kukuambia. Mji unapendeza kuutazama kuliko kuuingia.

Sasa rudi kwenye ile CD. Apdeti ya 2.0 haikupelekwa PS4, wala nyongeza ya Phantom Liberty, ile yenye mwigizaji Idris Elba. Ukiwa na PS5 yenye sehemu ya kuingizia CD, hiyohiyo ya PS4 inakupa haki ya kupakua toleo la PS5 bila malipo, ila CD lazima ikae ndani kila unapocheza. Andaa bando la kutosha, mzigo ni mkubwa. Phantom Liberty inunue baadaye, ukishamjua vizuri Johnny Silverhand, yule mwanamuziki mwasi anayeishi kichwani mwako kwenye gemu, maana maamuzi utakayotakiwa kuyafanya humo ni mazito na yanagusa hadi mwisho wa hadithi yenyewe.