Lusaka na maporomoko ya Mosi-oa-Tunya: uzoefu wangu

Tulikwenda mwezi wa Juni, likizo ya skuli, mimi, mume wangu na mwanetu mkubwa. Tulilipa kwa wakala mmoja wa hapa Unguja: boti hadi Dar, ndege hadi Lusaka, hoteli, basi la kwenda mji wa Livingstone na kiingilio cha maporomoko, yale yaitwayo pia Victoria Falls. Nimeridhika na safari, ila mpangilio wa siku haukunipendeza.

Lusaka ni mji mkubwa wenye barabara pana na watu wapole. Tulitembea Cairo Road, tukasimama kwenye sanamu ya Uhuru, mtu anayekata minyororo. Zambia ilijitawala 1964, mwaka uleule wa Mapinduzi yetu. Chakula hakikutushinda, nshima ni ugali huuhuu na samaki wapo tele. Lakini siku moja pale inatosha. Wakala alitupangia zaidi, muda mwingi ukaishia madukani, na kule kwenye maporomoko tukapewa asubuhi moja tu! Kutoka Lusaka hadi Livingstone ni karibu kilomita 480. Basi linakula mchana mzima, halafu ukifika unaharakishwa. Hili limeniuma.

Maana maporomoko yale, ngurumo yake unaisikia kabla hujaona kitu. Mto Zambezi kwa upana wa mita 1,708 unaangukia korongoni, na penye kina zaidi ni mita 108. Juni maji bado mengi. Tulipovuka daraja la miguu la Knife Edge, manyunyu yalikuwa yakitupiga kutokea chini, upinde wa mvua umelala chini yetu, na mwanangu hakunyamaza kwa Subhanallah. Ningekaa pale hadi Magharibi.

Wenzangu wa baibui, vaeni jepesi. Makoti ya mvua yanakodishwa, lakini baibui zito litarowa tu na kuwalemea. Viatu viwe visivyoteleza, na sweta msiache, asubuhi kuna baridi hasa. Chakula msishike mkononi, nyani wa pale wananyang'anya.

Makumbusho ya Livingstone msiyapite. Kuna barua na vitu vya David Livingstone, yule mmisionari na mvumbuzi wa Kiskoti, na kwetu habari zake si ngeni: nyumba aliyokaa 1866 ipo mjini kwetu, na ule msalaba wa kanisa la Mkunazini umetokana na mti wa Chitambo, hukohuko Zambia, ambapo moyo wake ulizikwa. Mwanangu alizisoma barua zile mpaka tukamwita mara mbili.

Kabla ya kulipa, muulizeni wakala mtalala Livingstone siku ngapi, na mdai mbili kwa uchache. Zikiangukia mwezi mpevu ni bora zaidi, kwani usiku huo hifadhi hufunguliwa watu wauone upinde wa mbalamwezi. Na msikubali kuuziwa safari ya Oktoba au Novemba kwa upande wa Zambia. Wakati huo mto umepungua, na sehemu kubwa mtakayoiona ni jabali kavu.