"Nati ni nati, mzee": uzoefu wangu na duka moja la spea Mwanjelwa, Mbeya

Nimesubiri hasira ipoe ndipo niandike, lakini naona haina mpango wa kupoa.

Nina Land Rover 109 iliyotoka jeshini miaka hiyo, marehemu baba mkwe akaibebesha viazi mpaka ikachoka. Nimeipaka bluu ili nisiulizwe maswali barabarani. Habari za injini tuziache. Nilichotaka ni kung'oa paipu zote za breki, maana kutu ilishazila, na kwenye gari za umri huu mfumo wa breki ni mmoja tu. Paipu moja ikipasuka, magurudumu yote manne yamekwisha. Hakuna cha nusu kushika.

Nikaenda dukani na nati ya zamani ya kufungia paipu nimeifunga kwenye kitambaa kama dhahabu. Nikamweleza kijana wa kaunta: hii ya Mwingereza, ya inchi, tatu kwa nane, naomba unipimie. Hakuigusa. Wala hakunisalimia, na mimi ni sawa na baba yake. Macho kwenye simu, mkono ukachota nati kwenye kopo la Blue Band, akazimwaga mezani.

"Nati ni nati, mzee. Zote za kumi hizo."

Sasa sikilizeni. Tatu kwa nane ya inchi ni milimita 9.5 na kidogo. Nati ya Kijapani ni milimita 10. Ukizitazama ni mapacha, na nyuzi zake zinakaribiana mno. Nati ya kumi haitaki kuingia kwenye tundu la inchi, lakini ile T ya shaba inayounganisha paipu juu ya ekseli ya nyuma ni laini. Ukiilazimisha nati ya chuma kwa spana, inajichimbia njia yake humo humo. Fundi wangu akalazimisha. "Imekaza," akasema. Kweli ilikaza. Tukatoa upepo, pedali ikasimama juu, ngumu, nami nikachekelea kama mjinga.

Siku ya kuijaribu nikapanda nayo hadi Isongole na kurudi na magunia manane ya viazi (tamaa, najua). Mteremko wa kushukia Igawilo nikakanyaga, ikashika. Nikakanyaga tena, ikazama mpaka sakafuni kama mguu kwenye tope. Nikarudi gia ya tatu, ya pili, injini inalia. Hendibreki ya hizi gari haishiki magurudumu, inashika shafti ya nyuma, na ukiivuta kwa pupa gari likiwa kwenye mwendo unavunja vitu. Nikaivuta kidogo kidogo huku namtaja kila mtume ninayemjua. Tulisimamia ndani ya mahindi ya watu. Tukavutwa hadi Uyole, na njia nzima mke wangu hakutamka neno. Ukimya ule nao niuhesabu kwenye hasara.

Kesho yake, au keshokutwa, sikumbuki, sikuwa nimelala, nikarudi dukani na ile T imechanika uzi. Duka limejaa wateja. Kijana akaitazama kama nimemletea panya.

"Kwani ni mimi niliyefunga? Halafu hilo gari si ungelipeleka skrepa tu, mzee?"

Watu wakacheka. Nakumbuka kila jino.

Inaniuma kukubali, lakini kufunga hakufunga yeye. Nati ikigoma kuingia kwa vidole, uzi si wake; fundi wangu alijua, mimi nilijua, na ndimi niliyekuwa nimeshika tochi. Basi nusu ya kosa ni yangu. Hapana, robo. Sampuli niliileta, na venia ya kupimia ilikuwa inaning'inia ukutani nyuma ya kichwa chake!

Nikatoka natetemeka. Kijana anayebeba mizigo pale pale dukani akanikimbilia nje. "Shikamoo baba. Nenda Sokomatola, kuna mzee anashughulika na Land Rover tu." Nikaenda. Mzee hakuuliza mengi. Akatoa boksi la nati kuukuu, akawa anajaribu moja moja kwa vidole mpaka ikafika mwisho yenyewe, akatafuta na T nyingine kwenye mabaki yake. Halafu akashika paipu zangu mpya akaguna. "Hii ya friji, bwana. Ikitikiswa sana inakomaa, inapasuka." Mnadhani nilizinunua wapi? Pale pale! Kwa yule yule! Ile robo yangu nairudisha, kosa lote abebe yeye.

Mzee akakata paipu za chuma, akatanua midomo kwa kifaa chake, akaikunja midomo mara mbili kama inavyotakiwa, na hela aliyotaka niliona aibu kuilipa jinsi ilivyokuwa ndogo. Sasa breki zinashika.

Kuhusu duka, ushauri wangu ulikuwa msikanyage. Kisha nikamkumbuka yule kijana wa mizigo, nikaona labda wampe yeye kaunta, mwingine abebe mizigo. Juzi nimepita tena, kwa sababu huku kwetu ni wao tu wanaouza oili ya breki kwenye kopo ambalo halijafunguliwa; wengine wanakupimia kwenye chupa ya maji, na oili ya breki ikikaa wazi inanyonya unyevu, unyevu unakwenda kuzila paipu kutokea ndani. Nikamwambia yule wa kaunta habari za kazi, nikalipa, nikachukua kopo langu.

Hakuitikia.