GU-50 kwenye redio ya AM ya kujijengea: tathmini kwa mafundi wa Mtwara na Lindi

Kwa anayejijengea redio ya valvu (taa za glasi za redio za zamani) ya kutuma na kupokea AM kwenye bendi ya mita 40, yaani megahezi 7 hivi, uamuzi mzito ni valvu ya mwisho, ile inayosukuma nguvu kwenye antena. Wengi hutaja 807 au 6146. Kwa mtu wa Mtwara, Mikindani au Lindi, GU-50 inafaa zaidi, na tunaipendekeza bila kusita, ila ina masharti yake.

Sababu ya kwanza ni hita, waya wa ndani unaoipasha valvu joto. GU-50 inataka volti 12.6 na mkondo wa ampea 0.76 hivi, wakati 807 na 6146 zinataka volti 6.3. Betri ya gari au ya sola inaiwasha bila kubadili chochote. Angalizo ni kwamba betri ikiwa kwenye chaji hufika volti 14.4, na hita ikilishwa hivyo kila siku haidumu. Weka rezista ya omu 2.2, wati 5, kwenye waya wa hita, pamoja na swichi ya kuiruka rezista hiyo wakati betri haichajiwi.

Sababu ya pili ni ugumu wake. Ni pentodi (valvu ya elektrodi tano) ya Kisovieti iliyotokana na valvu LS50 ya jeshi la Ujerumani. Anodi yake, sahani ya ndani inayopokea mkondo, inahimili joto la wati 40 na volti 1000, kwa hiyo ukiilisha volti 600 hujaikaza hata kidogo. Kitasa cha alumini kilicho juu ni cha kuichomolea tu. Anodi imepita chini kwenye soketi, tofauti na 807 yenye kofia ya volti kubwa kichwani, mahali mkono unapofika kirahisi. Kitasa chenyewe lakini hupata moto sana, usikishike kabla hakijapoa.

Udhaifu wake mkubwa ni soketi. Ni ya aina yake peke yake, kama ngome ya chuma, na hakuna soketi ya redio ya zamani inayoingiliana nayo. Usilipie valvu kabla hujahakikisha soketi inakuja nayo. Tena, nyingi zinazouzwa zimekaa ghalani miongo mingi. Zikifika, ziwashie hita peke yake kwa saa kadhaa kabla ya kuzipa volti kubwa. Ukiona mng'ao wa buluu kwenye ukuta wa glasi, si ugonjwa. Mng'ao wa waridi au zambarau uliojaa katikati ya vyuma ni gesi, na valvu hiyo irudishwe kwa muuzaji.

Volti 600 zinapatikana kwa transfoma mbili za volti 230 kwa 12, za VA 150, zilizounganishwa mgongo kwa mgongo kwenye upande wa volti 12, kisha saketi ya kuzidisha volti mara mbili yenye dayodi mbili na kapasita mbili za mikrofaradi 220, volti 400. Kila kapasita ibebe rezista ya kilo-omu 100, wati 2. Ukishazima, subiri dakika 2 nzima na upime kwa mita kabla ya kugusa. Anayelisha saketi hii moja kwa moja kutoka ukutani bila transfoma ameigeuza chesisi nzima kuwa mtego wa kuua.

Sasa sauti, sehemu inayowashinda wengi. Valvu ikivuta miliampea 100 kwa volti 600, ni wati 60 zinazoingia, na ili AM ijae asilimia 100 unahitaji nusu yake, yaani wati 30 za sauti, kwenye mzigo wa omu 6000. Transfoma maalumu ya kazi hii ni ghali na nzito kuisafirisha. Tumia amplifaya ya matangazo, terminali za omu 8 wala si za volti 100, na transfoma ya kawaida ya volti 230 kwa 9, VA 50, iliyogeuzwa, amplifaya ikiwa upande wa volti 9: amplifaya inaona omu 9 hivi, inaridhika. Ila transfoma hiyo isipitishe mkondo wa DC wa anodi, maana chuma chake kitajaa sumaku na sauti itakwaruza. DC ipite kwenye choki (koili iliyosukwa kwenye chuma) ya henri 10, na sauti ivuke kwa kapasita ya mikrofaradi 2. Kapasita mbili za feni za mikrofaradi 4, volti 450, zikiungwa mfululizo zinatosha, kila moja na rezista ya mega-omu 1.

Choki anaweza kuisuka fundi yeyote wa mota za pampu. Mwambie mabati ya E yakae upande mmoja na ya I upande wa pili, karatasi ngumu katikati. Akiyapishanisha kama ya transfoma, choki haitafanya kazi. Na insulesheni iwe nene, kwani kwenye vilele vya sauti upande wa anodi hufika volti 1200.

Gridi ya pili ya valvu, wavu ulio kati ya gridi ya kwanza na anodi, isizidi volti 250. Ilishe kupitia kilo-omu 33, wati 10, kutoka upande ule ule wenye sauti, upime, ndipo urekebishe. Kwenye kathodi, elektrodi inayotoa mkondo, weka rezista ya omu 220, wati 5: osileta (saketi inayozalisha mawimbi yanayoiendesha valvu hii) ikifa ghafla, mkondo hupanda, na rezista hii haizimi mkondo, ila inakupa muda wa kuachia swichi ya kutuma.

Kwa megahezi 7.1, saketi ya kutokea ni kapasita ya pikofaradi 90 upande wa anodi, koili ya mikrohenri 6, na kapasita ya pikofaradi 530 upande wa antena. Kapasita ya pili ichukue kwenye redio mbovu ya zamani, inatosha kabisa. Ya kwanza iwe na nafasi ya milimita 1 au zaidi kati ya sahani, vinginevyo itapiga cheche kila unapopaza sauti.

Pwani yetu ina adui mwingine: upepo wa chumvi. Chesisi iwe ya alumini, transfoma na choki zichovywe vanishi na kukaushwa kwenye joto, na miguu ya soketi isafishwe kila baada ya masika. Redio iliyokaa muda mrefu bila kutumika iwashwe hita kwa nusu saa kwanza, unyevu utoke, ndipo volti kubwa zifuate.

Antena ya mita 10.05 kila upande, ikining'inia kati ya minazi kwa urefu wa mita 8 hadi 10, inarusha mawimbi juu na kuyashusha Dar es Salaam mchana, umbali wa kilomita 400 hivi kwa mstari ulionyooka. Leseni ya TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania) iwe mkononi kabla ya kubonyeza swichi ya kutuma, na hadi itoke, jaribia kwenye mzigo bandia wa omu 50 unaohimili wati 100.