Sevisi ya AC Mombasa: lipia kuosha, gesi ingoje

Sevisi ya AC ya nyumbani hapa Mombasa huuzwa kwa bei mbili: bei ya kuosha na bei ya gesi. Ya kuosha ni ndogo na kazi yake hufanywa haraka haraka. Ya gesi ni kubwa, nayo ndiyo inayosifiwa. Kwa mashine ya kawaida ya ukutani, ya BTU (kipimo cha nguvu ya kupoza) 9,000 hadi 18,000, sisi tunaona mambo yamepinduliwa. Kuosha ndiko kunakostahili pesa. Gesi haistahili hata shilingi mpaka ithibitike kwamba imepungua.

Gesi ya AC haichomeki ikaisha kama mafuta ya gari. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, inatoka kwenye kompresa (pampu inayoisukuma), inapita kwenye koili (mabomba yaliyokunjwa yanayopitisha joto) na kurudi. Ikipungua, basi imevuja mahali, na pasipozibwa itavuja tena. Fundi anayeongeza gesi kidogo kila sevisi amefanya moja kati ya mawili: ameijaza kupita kiasi mashine ambayo haikupungukiwa na kitu, akaichosha kompresa, au ameacha tundu lake na kukuuzia gesi itakayopotea.

Kinachopunguza baridi katika mji huu, mara nyingi, ni uchafu. Hewa yetu ina unyevu mwingi. AC ya BTU 12,000 inaweza kutoa lita moja au zaidi ya maji kwa saa usiku wa joto. Maji hayo yanapita juu ya koili ya ndani, yanashika vumbi lililopenya filta, na kwenye ngoma ya feni kunaota utando mweusi wa kuvu. Ndio unaonuka ukiwasha mashine jioni. Ngoma ikishajaa utando, feni inazunguka ila haisukumi hewa, koili inapoa kupita kiasi, inashika barafu, na chumba kinabaki na joto. Wengi wakiona barafu husema gesi imepungua. Ni kweli gesi ikipungua barafu hutokea, lakini hewa ikizibwa pia hutokea, kwa hiyo huwezi kujua ni ipi mpaka uoshe kwanza, ndipo upime.

Kuosha kunakostahili kulipiwa kunaanza kwa kuzima swichi ya ukutani, si rimoti tu. Filta zinatolewa, zinaoshwa kwa maji na kuanikwa kivulini, maana jua kali linazipinda. Kifuniko cha mbele kinatolewa chote, na sehemu ya umeme inazibwa kwa nailoni. Mfuko wa kukinga maji unafungwa chini ya mashine ili uchafu uishie kwenye ndoo badala ya kitanda. Koili inanyunyiziwa sabuni isiyo na asidi, inaachwa dakika kumi hivi, kisha inasuuzwa kwa presha ndogo, maji yakielekezwa sawa na vile vibati vyembamba vya alumini. Ukiyaelekeza upande yanavikunja, na hewa haipiti tena. Ngoma ya feni inapigwa brashi kila upapi mpaka maji yatoke meupe. Mwisho trei inasafishwa na lita mbili za maji zinamiminwa kwenye paipu ya kutolea maji. Zikitoka nje kwa kasi, iko wazi, zikisita, kuna ute ndani na ndio utakaoteremsha maji ukutani wiki zijazo. Kisha feni peke yake inawashwa kwa nusu saa ili ndani kukauke.

Kazi hiyo, pamoja na mashine ya nje, huchukua saa moja hadi moja na nusu kwa AC moja. Fundi anayemaliza mashine tatu kwa saa moja ameosha filta tu, kazi ambayo hata mtoto mkubwa wa nyumbani anaweza kuifanya kila wiki mbili bila malipo.

Mashine ya nje ina adui wake: chumvi. Nyali, Kizingo, Shanzu, popote upepo wa bahari unapofika, chumvi inatua kwenye koili. Mashine nyingi zina bomba la shaba na vibati vya alumini, na metali hizi mbili zikikutana na maji ya chumvi, alumini inalika. Inakuwa unga mweupe unaodondoka ukiugusa. Changamwe na Jomvu, kando ya barabara ya malori, tatizo huwa zaidi vumbi na moshi, na tiba ni ile ile.

Hapa kuna kosa ambalo hata mafundi wazuri hulifanya: wanaosha kwa maji ya kisima cha hapo hapo. Visima vingi vya mjini vina chumvi. Unaondoa chumvi ya upepo na kupaka chumvi ya kisima. Dai maji matamu, hata kama ni ya mkokoteni. Mitungi miwili ya lita 20 inatosha mashine moja ya nje. Kataa pia dawa za asidi zinazotoa povu na kung'arisha koili papo hapo. Zinang'arisha kwa sababu zinaila alumini.

Na bei? Tuseme umetajiwa shilingi 2,500 kwa AC moja. AC ya BTU 12,000 isiyo ya inveta (yaani kompresa yake haibadilishi kasi) hula kama kilowati 1.1 kompresa ikifanya kazi. Ikiwashwa usiku kucha, kompresa ikazunguka jumla ya saa sita, ni uniti 6.6, kwa mwezi, uniti 198. Ukihesabu shilingi 30 kwa uniti, ni shilingi 5,940 za tokeni. Wizara ya Nishati ya Marekani inakadiria kwamba kubadilisha filta chafu iliyoziba kunaweza kupunguza matumizi ya umeme ya AC kwa asilimia 5 hadi 15. Chukua 10: ni shilingi 594 kwa mwezi, yaani 2,376 kwa miezi minne. Kwa AC ya chumbani inayolala ikiwaka, sevisi ya kila miezi minne inakaribia kujilipa kwa stima peke yake, kabla hujahesabu uhai wa kompresa. AC ya sebuleni inayowashwa wageni wakija haifikii hesabu hiyo. Mara mbili kwa mwaka inatosha. Moja iwe Novemba, kabla ya joto la kaskazi. Nyingine iwe kabla ya kuipumzisha msimu wa kusi, ili chumvi isikae kwenye koili miezi yote hiyo.

Sevisi nzuri ina vipimo pia. Kapasita, kifaa kinachoisaidia kompresa kuanza, ipimwe kwa mita: iliyoandikwa mikrofaradi 35 ikisoma 30, ibadilishwe kwa nyingine ya 35 na volti zile zile au zaidi. Ikichoka, kompresa inanguruma bila kuanza, na kuiacha hivyo ni kuiunguza kwa kifaa cha bei ndogo mno ukilinganisha nayo. Halafu kipimajoto: baada ya dakika kumi na tano, hewa inayotoka iwe baridi kuliko inayoingia kwa nyuzi 8 hadi 12. Chumba kikiwa na unyevu mwingi tofauti hiyo hupungua kidogo.

Baada ya kuosha, tofauti ikibaki nyuzi 4 au 5, sasa gesi ina hoja. Kwanza povu la sabuni kwenye nati za maungio, na macho yatafute alama za mafuta, kwani gesi hutoka na mafuta ya kompresa. Tundu lizibwe, mabomba yavutwe hewa kwa pampu ya vakyumu, kisha gesi ipimwe kwa mizani kufuata kilo zilizoandikwa kwenye kibandiko cha mashine ya nje. Kujaza kwa geji ya presha peke yake hakutoshi, hasa kwa inveta, kwa sababu kasi ya kompresa inabadilika na presha nayo inabadilika. Gesi ya aina ya R410A iingizwe ikiwa majimaji, kwa kuwa ni mchanganyiko wa gesi mbili. Ya aina ya R32 inashika moto. Asichomelee mtu bomba lenye gesi hiyo ndani.

Mikataba ya mwaka ina faida kwa mwenye AC nne au zaidi, mradi iandikwe wazi kwamba ngoma ya feni na mashine ya nje zinaoshwa kila ziara. Mkataba unaosema "kukagua na kusafisha" tu, usiutie sahihi.

Mashine ya R22, gesi ya zamani inayoharibu tabaka la ozoni, ni hesabu nyingine. Chini ya Itifaki ya Montreal, nchi zinazoendelea zinatakiwa kuwa zimeachana na gesi za kundi hilo ifikapo 2030, kibaki kiasi kidogo cha kuhudumia mashine zilizopo hadi 2040. Ikiwa haivuji, ioshe na uitumie. Koili ikishatoboka kwa kutu ya chumvi, usinunue gesi ya kuijazia. Weka pesa hiyo kwenye inveta mpya yenye koili iliyopakwa kinga ya kutu.