Globu za kubana umeme: ipi ununue, ipi uiache dukani (kwa sisi wa Tanga)

Shangazi yangu wa Makorora alikuwa na globu tano za kioo, zile za wati 60 za zamani, na ukimwambia abadilishe anakujibu hizi mwanga wake una joto. Joto kweli lipo, ishike uone, maana kwenye umeme unaoingia humo zaidi ya asilimia 90 unatoka kama joto na kinachobaki kidogo ndio mwanga. Sasa Ramadhani ile taa zinawaka toka magharibi mpaka daku, luku ikawa haikai, nikapigiwa simu mwanangu njoo unitazamie hii mita inakula.

Nikaenda. Nikazima friji, nikachomoa tivii, nikaacha taa moja tu ya sebuleni, nikasimama mbele ya mita na simu mkononi nahesabu. Mita ile imeandikwa 1000 imp/kWh, maana yake kile kitaa chekundu kikikonyeza mara 1000 basi uniti moja imekwenda. Kwa globu ya wati 60 kikawa kinakonyeza kila baada ya dakika moja, kama saa. Nikaitoa (kwa kitambaa, inaunguza) nikaweka LED ya wati 9 niliyokuja nayo, nikarudi kwenye mita. Dakika moja kimya, mbili kimya, ya tano shangazi akauliza "umeiharibu mita ya watu?", kikaja kukonyeza karibu na dakika ya saba. Chumba kilekile mwanga uleule. Hapo hakubishana tena.

Kwa hela ni hivi. Taa tano za wati 60 zikiwaka saa moja jioni mpaka saa sita usiku zinakula uniti moja na nusu kwa siku, kwa mwezi 45. Hizohizo zikiwa LED za wati 9 ni uniti saba kasoro. Ukiwa kwenye tarifu ndogo ya majumbani, uniti 75 za mwanzo wa mwezi ni sh 100 moja na ukizivuka kila uniti inakuwa sh 350, kabla ya VAT na makato mengine. Kwa hiyo globu za kioo sio tu zinakula zenyewe, zinalisogeza friji lako upande wa 350. Kama ulikuwa unavuka 75 kwa uniti arobaini hivi au zaidi kila mwezi unaokoa elfu kumi na tatu na kitu, kama ulikuwa huvuki utaokoa kama elfu nne tu, na walioko tarifu ya kawaida ya sh 292 kwa uniti ni kwenye elfu kumi na moja. Fanya hesabu yako mwenyewe usidanganywe na mwenye duka. Na kama hela ya kubadilisha zote kwa mpigo haipo, anza na inayowaka masaa mengi, kwa wengi ni ya barazani au ya nje inayokesha, ya stoo iache mpaka ife.

Haya, nazipanga.

Ya kwanza bila ubishi ni LED ya kawaida ya wati 7 mpaka 12. Kosa kubwa watu wanalofanya dukani ni kuuliza "una ya wati ngapi" wakati wati ni ulaji, mwanga wenyewe unahesabiwa kwa lumeni na zinaandikwa pembeni ya boksi. Globu ya wati 60 inatoa kama lumeni 800, ya wati 40 kama 450, ya wati 100 kama 1500 na zaidi. Kwa hiyo unataka taa ya sebule tafuta boksi lenye lumeni 800 kwenda juu, ukikuta imeandikwa wati 20 kwa herufi kubwa halafu lumeni hazipo kabisa, irudishe. Angalia na kitako, B22 ni ya pini, E27 ni ya kuzungusha, mimi nimewahi kurudi mjini na baiskeli juani kwa ajili ya hilo tu.

Rangi ya mwanga nayo ipo kwenye boksi. 2700K au 3000K ni ule wa njano kama globu ya zamani, 6500K ni mweupe wa kama hospitali. Madukani kwetu wanakupa 6500K bila kuuliza kwa sababu wateja wanaona mweupe ndio "unang'aa". Jikoni sawa, utaona mchele vizuri na mawe yake, ila chumbani na barazani mimi nachukua njano, macho yanapumzika na pia mvua za masika zikianza kumbikumbi hawajazani kama kwenye ule mweupe. Ule weupe kwa ndani ni LED ya bluu iliyopakwa unga wa njano juu, na hiyo ya bluu ndio iliyowapa Akasaki, Amano na Nakamura Nobel ya fizikia 2014, mambo ya kupigia soga tu huku unasubiri chenji.

Mimi ya wati 9 nililipa sh 4,000 duka la vifaa vya umeme pale Ngamiani, na kabla ya hapo nilishachukua tatu za 1,500 kwa mtu wa kupanga chini. Moja haikuwaka kabisa, ya pili ilikaa wiki mbili ikaanza kucheza kama disko, ya tatu ndio ipo chooni mpaka leo, siwezi kusema uongo. Ila piga hesabu, 4,500 kwa taa moja. Siku hizi nikiwa dukani nafanya vitu vitatu. Naishika mkononi kwanza, ikiwa nyepesi kama ganda tupu ndani hamna cha kupoza joto. Halafu namwambia kaka iwashe hapo kwenye holda yako, na sio sekunde mbili, iache huku tunaongea bei. Halafu natoa simu nawasha kamera naielekeza kwenye taa, nikiona michirizi mieusi inatembea kwenye skrini najua inapepesa, jicho halioni ila kichwa kitauma, naiacha. Alama ya TBS, shirika la viwango, nayo iangalie, na risiti omba hata kama anakununia.

Sasa kuna jambo letu sisi wa pwani ambalo kwenye boksi halijaandikwa. Chumvi. Ukikaa Sahare au Raskazone ukifungua holda ya nje utakuta vile vibati vya ndani vimekuwa kijani, pini haigusi sawasawa, inatoa vicheche kidogo kidogo, na LED haivumilii hivyo kama globu ya zamani kwa sababu kwenye kitako chake kuna kisakiti. Watu wanasema LED za siku hizi feki kumbe holda imeliwa. Zima umeme kwenye meni, fungua, ukikuta kutu badilisha holda kwanza. Na zile taa za bakuli la kioo zilizozibwa kabisa, joto halina pa kutokea, taa ya miaka inakufa kwa miezi. Toa bakuli, au weka ya wati ndogo.

Ya pili ni tyubu ya LED, kwa wenye jiko refu, duka, au fremu ya saluni. Tyubu ya zamani ya futi nne ni wati 36 ukiacha choki, kile kidude kizito cha kudhibiti umeme wa tyubu, ambacho nacho kinakula chake, ya LED ni 18 hivi na inawaka palepale haikonyezi konyezi kwanza. Ila usinunue ukafikiri unachomoa hii unachomeka ile. Nyingi zinataka stata (kile kidude kidogo cha kuiwashia) itolewe na choki irukwe, na nyingine waya wa moto na nyutro zote zinaingia upande mmoja, kwa hiyo mpe fundi umeme, sio kijana wa boda anayejua jua.

Ya tatu zile za kuchaji zenyewe, za emajensi, umeme ukikatika zinaendelea kuwaka. Hizi ndio zinazouzwa kwa mbwembwe, jamaa analowesha kidole anashika kitako taa inawaka mkononi, watoto wanapiga makofi. Ni nzuri, nami ninayo. Lakini ninayo moja, ya sebuleni, na nakushauri usizidishe mbili, ya pili iwe jikoni. Betri yake inachoka, baada ya mwaka na kitu yale masaa matatu manne wanayoandika yanakuwa dakika arobaini, na bei yake karibu mara mbili ya LED ya kawaida. Usiiweke kwenye bakuli hata kidogo, betri na joto havipatani. Na kuna nyumba utaizima swichi isizimike, inadhani umeme umekatika, shangazi alidhani ni mambo mengine akaanza kusoma dua.

Hapo hapo niseme, ukiona LED ya kawaida umezima halafu usiku inabaki na kamwanga hafifu kama kimulimuli, mara nyingine fundi aliyejenga alikatisha nyutro kwenye swichi badala ya waya wa moto. Taa haina kosa ila hapo ukibadilisha globu huku umezima swichi tu unaweza kurushwa, mwite fundi arekebishe.

Wenye dari za jipsam na zile spotlaiti za halojeni za wati 50, weka LED za wati 5 kitako kilekile, sina la kuongeza.

Ya nne ni enaji seva, zile za mrija uliojisokota. Kipindi chake ilikuwa mkombozi, wati 14 kwa mwanga wa 60, lakini leo usinunue mpya hata ukipewa kwa bei ya kutupa. Inachelewa kung'aa, ukiwasha na kuzima mara kwa mara chooni inakufa haraka, na ndani ina zebaki. Nchi wanachama wa mkataba wa Minamata, ule wa dunia wa kudhibiti zebaki, walishakubaliana 2022 kwamba za majumbani za wati 30 kushuka chini mwisho wa kutengenezwa na kuingizwa uwe 2025, kwa hiyo zinazoteremshwa bei ni za kumaliza stoo. Ulizonazo nyumbani endelea nazo. Ikikuvunjikia toa watoto, fungua madirisha, subiri kama robo saa, halafu kusanya kwa karatasi ngumu na selotepu, usifagie kwa ufagio maana utaitawanya.

Ya mwisho globu ya kioo. Kwa mwanga hapana. Kwa vifaranga ndiyo, lile joto ndio wanalolitaka, na za shangazi zilizobaki nne zilichukuliwa na jirani mfugaji siku ileile.

Ukishanunua zako chukua kalamu ya maka uandike tarehe kwenye kitako kabla hujapanda kwenye stuli, ikifa ndani ya garantii unampelekea na risiti hana la kusema. Ile ya shangazi ya sebuleni imeandikwa, ila kaandika kwa tarehe ya Kiislamu, siku ikiharibika sijui mwenye duka atapiga hesabu gani.