Dizeli ya familia: Iringa inanusa mafuta, Mwenge inabugia, na gereji ndiyo iliyonimaliza

Swali la "shemeji yuko wapi?" nimeshazoea kuulizwa msibani na harusini. Kuulizwa gereji, nimeshika funguo za gari langu mwenyewe, nililonunua kwa hela yangu na kadi ikasoma jina langu, hilo lilikuwa jipya. Kijana wa mapokezi wa gereji moja hapa Dar, tena gereji ya vioo na kiyoyozi, siyo ya chini ya mwembe, alinitazama akasema, "Madam, haya mambo ya injini ukimpa shemeji simu nikamweleza yeye, itakuwa rahisi."

Nilikuwa nimeenda na swali moja tu. Gari lililokuwa linanipa kilomita tisa kwa lita mjini, kwa nini sasa linanipa sita?

Jina la gereji sitaji na jina la gari pia sitaji, wenye nalo watajitambua. Ni la Kijapani, dizeli ya lita 2.2 yenye turbo, linabeba watu watano na mizigo yao, limetumika kwao kwanza ndipo likapanda meli. Mengine yote mtayakuta mtandaoni. Mimi nataka kuongelea mafuta, maana ndilo swali ninaloulizwa na kila mtu, kuanzia shemeji zangu hadi walinzi wa kazini: "Linakulaje?"

Nianze na raha, ili nisionekane mtu wa kulalamika tu.

Barabara kuu gari hili ni zuri mno. Tulikwenda Iringa likizo ya watoto, watu watano, mabegi, na ndoo ya samaki wa kukaanga wa bibi yao. Nilijaza Kibaha mpaka pampu ikajikata yenyewe, nikarudisha kilomita sifuri. Mnaoijua barabara ile mnajua kipande cha Mlandizi mpaka Chalinze: malori matatu manne yamefuatana, na wewe nyuma unameza moshi. Kwa gari langu la zamani la petroli, kuovateki msururu ule kulikuwa na dua kabla na dua baada. Hili unakanyaga kidogo tu, linachanganya, umeshapita na umerudi upande wako kabla mtoto hajamaliza kuuliza "mama unaenda wapi?". Injini hata haipigi kelele. Nguvu yake iko chini kule, mzunguko wa injini haujafika hata elfu mbili.

Na siyo kwamba safari ilikuwa ya mserereko. Vibao vya 50 kila kijiji, na trafiki na tochi yake nyuma ya mti, kwa hiyo ni kupunguza, kupanda, kupunguza, kupanda. Hifadhi ya Mikumi ni karibu kilomita 50 za kwenda polepole na matuta, twiga wakikutazama. Halafu Kitonga. Pale kipimo cha papo kwa papo kwenye dashibodi kilishuka mpaka kilomita tano kwa lita, nikasema basi, raha imeishia hapa. Lakini gari lilipanda bila kutafuta gia, nyuma ya semi zilizokuwa zinatambaa, na tulipofika Ilula namba zikaanza kurudi.

Iringa mjini nikaingia sheli. Zimeingia lita 32 na kidogo, kwa safari ya kama kilomita 460. Mhudumu alidhani pampu imejikata mapema. Akatikisa mpini wa bomba, akajaribu tena, ikajikata tena. "Mama, tenki lako dogo?" Nikacheka peke yangu. Hiyo ni kama kilomita 14 kwa lita, gari limejaa, kiyoyozi kimewaka mwanzo mwisho. Kurudi, tukiwa na gunia la vitunguu vya Ruaha Mbuyuni, lilifanya vizuri zaidi kwa sababu unateremka. Kwa gari lenye nguvu ile, huko ndiko kunusa mafuta.

Ushauri mdogo kabla sijasahau: msiamini namba ya dashibodi. Ya kwangu inajisifu kwa karibu kilomita moja kwa kila lita. Jaza mpaka pampu ijikate, tembea, rudi sheli ile ile kama unaweza, jaza tena, gawanya kilomita kwa lita zilizoingia.

Na ile namba ya tangazo, kilomita 18 kwa lita, isahauni kabisa. Enzi za gari hili Wajapani walikuwa wanapima kwa utaratibu wao unaoitwa JC08. Gari linawekwa juu ya rola ndani ya chumba, linaendeshwa dakika 20, wastani wa mwendo kilomita 24 kwa saa, na mwendo wa juu kabisa hauvuki 82. Kiyoyozi kimezimwa. Sasa wewe nizimie kiyoyozi Dar mwezi wa pili, watoto wawili nyuma wametoka shule na sare zimeloa jasho, halafu uje uniambie umepata kilomita ngapi.

Tuje mjini, ambako ndiko ninakoishi siku zote za mwaka ambazo siko Iringa.

Naishi Mbezi Beach, mtoto anasoma Kawe, kazi yangu Mikocheni. Ukitazama kwenye ramani ni pua na mdomo. Ukitazama kwenye saa, hasa tangu waanze kujenga njia ya mwendokasi barabara ya Bagamoyo, ni kitu kingine. Gari linawaka, linasogea mita kumi, linakaa silensa, yaani injini inawaka bila kwenda, linasogea mita kumi. Halafu linazimwa kabla halijapata moto vizuri. Kilomita tisa kwa lita niliyoipata mwanzoni nilikuwa naiona mbaya. Sikujua kuna sita.

Dizeli za kisasa zina chujio kwenye bomba la moshi, hilo mafundi wetu wanaliita masega. Kazi yake ni kukamata masizi ili huko nyuma usitoke moshi mweusi. Masizi yakijaa, gari linajisafisha lenyewe kwa kuyachoma, na ili yaungue chujio linatakiwa lifike joto la kama nyuzi 600. Joto hilo linatoka wapi? Kwenye dizeli yako. Injini inapuliza mafuta ya ziada kwa kuchelewa, pistoni ikiwa inashuka, si kwa ajili ya kukusukuma wewe, ni kwa ajili ya kwenda kuunguza masizi. Ukiwa njiani kwenda Chalinze hata hujui kama limefanya hivyo. Ukiwa mataa ya Mwenge linaanza, unafika kazini, unazima. Halikumaliza. Kesho linaanza upya. Dalili zake nilikuwa naziona kila siku: silensa imepanda kidogo, ukishazima feni inaendelea kunguruma, na kaharufu ka kitu kinachoungua. Yaani nilikuwa namwaga mafuta kuanzisha kazi ambayo haiishi.

Na kuna baya zaidi. Yale mafuta ya ziada si yote yanayokwenda kwenye bomba. Mengine yanateleza kwenye kuta za silinda na kushuka chini kuchanganyika na oili. Kwa hiyo oili, badala ya kupungua kama magari yote tuliyoyazoea, inaongezeka.

Haya yote nimeyajua baadaye, kwa kukipiga picha kitabu cha gari cha Kijapani na simu ikanitafsiria usiku kucha. Kwa nini ilibidi nikeshe na kitabu? Kwa sababu niliowalipa wanieleze walitaka kumweleza shemeji.

Turudi gereji. Kijana alifungua boneti, akavuta kijiti cha kupimia oili, akakifuta kwa kitambaa, akakichomeka, akakivuta tena. Oili ilikuwa imevuka alama ya juu kabisa kwa upana wa kidole. Akacheka. Hakucheka na mimi, alicheka kuwaelekea wenzake, akakinyanyua kile kijiti juu wakione. "Nani kakujazia oili hivi, madam? Umeongeza mwenyewe, eeh?"

Nikamwambia mdogo wangu, mimi boneti hii sijaifungua tangu nyie wenyewe mlipofanya sevisi. Akasema haiwezekani, oili haizai. Wenzake wakacheka tena. Nikachukua kile kijiti mkononi mwake nikakinusa. Kilinuka dizeli tupu, kama mkono wa mhudumu wa sheli. Nikamwambia, nusa. Hakunusa! Ndipo akauliza shemeji yuko wapi. Nikamjibu shemeji yako hajui hata boneti inafungukia wapi, na yeye ndiye anayekaa kiti cha abiria, kwa hiyo ongea na dereva.

Unajua walifanya nini? Walimwaga oili, wakaweka nyingine, wakanitoza kila kitu, na kwenye risiti wakaandika kwa kalamu "oili imezidi, kosa la mteja". Risiti ninayo mpaka leo. Nikiiona kwenye droo napandwa na hasira upya.

Na hiyo oili waliyoweka! Dumu niliona kwa macho yangu, ni lile lile la malori. Dizeli yenye chujio inataka oili inayoacha majivu kidogo ikiungua, kwa sababu masizi yanaungua lakini majivu hayaungui, yanabaki kwenye masega milele. Wajapani wana daraja lake kabisa, DL-1, limeandikwa kwenye kitabu, halihitaji hata kutafsiriwa maana ni herufi za kawaida. Gereji ya vioo, kahawa ya bure mapokezi, na hawajui DL-1. Kwa hiyo wao ndio waliokuwa wananizibia gari kila sevisi, halafu wananicheka kwa kuziba.

Kabla sijaondoka akaja mkubwa wao, baba mtu mzima, sauti ya upole. Nikadhani anakuja kuomba radhi. Akasema, "Mama, tukutolee masega tu, tunazima na kwenye kompyuta, gari litapumua na mafuta utaona tofauti." Bei aliyoitaja tuiache. Kuna watu wengi wamefanya hivyo na wanafurahi, sikatai, wengine ni ndugu zangu. Lakini mimi gari hili nalipaki mlangoni, watoto wanapita nyuma ya bomba lile kila asubuhi. Siwezi kulipa mtu aje awatolee watoto wangu kitu kinachozuia masizi.

Basi nikaondoka nimekasirika, na nimeapa kuliuza. Kweli kabisa, nilipiga picha nne, nikamtumia dalali.

Jumapili moja baada ya hapo, oili nimeshabadilishiwa kwingine, ya DL-1, nikachukua barabara ya Bagamoyo asubuhi na mapema. Bunju, Mapinga, Kerege, hakuna foleni, mwendo wa themanini umetulia. Lile kaharufu likaja, sikusimama. Likaisha lenyewe kabla ya Zinga. Nikanywa chai Bagamoyo, nikarudi. Wiki iliyofuata, foleni ile ile ya Mwenge, shule ile ile, nikapata nane na nusu. Siyo tisa, lakini siyo sita.

Sasa nifikie hukumu, na hapa mnivumilie. Nilitaka kuandika msinunue, kwa herufi kubwa. Dizeli yenye nguvu kwa mtu wa safari fupi za Dar ni hasara mtupu. Jirani yangu ana haibridi ndogo, ya petroli na umeme, tunatoka geti moja asubuhi, foleni moja, na sheli yeye anakwenda kama anakwenda kusalimia. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA wakitangaza bei mpya za mafuta mimi ndiye ninayeshika moyo, yeye anakunywa uji wake.

Lakini nikikumbuka yale malori kabla ya Chalinze na jinsi tulivyoyapita, siwezi kuandika hivyo. Nikijumlisha mwaka mzima, Iringa, Tanga, Dodoma kwenye vikao, ukichanganya na mjini, linanipa kama kilomita kumi na moja kwa lita. Kwa nguvu ile, na watu watano ndani, ni mbaya hiyo? Mimi sioni. Tena kama unaishi Morogoro au Iringa yenyewe, nunua kesho, usiniulize mara mbili. Wa Mbezi Beach, Sinza, Tabata, hapana. Au ndiyo, kama kila wiki una pa kwenda mbali na una simu ya kusomea Kijapani. Gereji ile ya vioo, hapana, hapana, hata wakinifulia gari bure.

Dalali alikuja juzi na mteja wa kwenye simu. Akazunguka, akapiga tairi teke, akauliza linakulaje mafuta. Nikamuuliza mteja wako anakaa wapi? Akasema Sinza, na duka lake liko Kariakoo. Nikamwambia huyo mtafutie haibridi, gari haliuzwi. Akaanza kulalamika nauli yake ya bodaboda, nikampa elfu tano akaondoka.