Kutazama shabaha ya yadi 1,000: uzoefu wangu, kwa Mzanzibari anayetaka kwenda

Ukienda mikono mitupu kutazama mashindano ya kupiga shabaha kwa bunduki, adhuhuri haitafika hujachoka. Ukienda na darubini, stendi imara na masikio yaliyozibwa sawasawa, utaona mchezo unaostahili nauli yake. Na sisi wa visiwani tuna pa kuanzia, maana kinachotazamwa pale hasa ni upepo, na upepo tumekua nao.

Nazungumzia benchiresti ya masafa marefu. Mpigaji anakaa mezani, bunduki imelazwa juu ya kigoda cha chuma mbele na mfuko mzito wa mchanga nyuma, shabaha iko yadi 1,000, yaani mita 914. Kitovu cha mchezo huu ni Williamsport, jimbo la Pennsylvania, Marekani, ambako klabu ya Original Pennsylvania 1000 Yard Benchrest ilianzishwa mwaka 1967. Alama huhesabiwa, lakini sifa kubwa ni kundi: matundu yakae karibu kiasi gani. Kipimo huchukuliwa baina ya vitovu vya matundu mawili yaliyoachana zaidi. Mwaka 2007 Tom Sarver alipiga risasi tano ndani ya inchi 1.403, kama sentimita tatu na nusu. Rikodi hiyo ilishavunjwa, lakini ifikirie hivi: matundu yote matano yangefunikwa na kikombe cha kahawa cha pale Jaws Corner, na aliyeyapiga yuko karibu kilomita nzima.

Kuna madaraja mawili. Bunduki nyepesi haizidi ratili 17, yaani kilo 7.7, na hupigwa risasi tano. Nzito haina kikomo cha uzito, na kwa kawaida hupigwa risasi kumi. Zipo zinazobebwa na watu wawili. Mgeni aanze na daraja la nyepesi, kwa sababu hapo mkono wa mtu bado unaonekana kazini.

Masikio kwanza. Mlio wa bunduki hizi mdomoni mwa mtutu unakaribia desibeli 160, na sikio huanza kuumia papo hapo kwenye 140. Zenye breki ya mtutu, kifaa cha mdomoni cha kupunguza teke la bunduki, ni mbaya zaidi kwa mtazamaji, kwa sababu breki inatupa hewa ya moto pembeni na nyuma, ndiko waliko watu. Paa la juu ya meza nalo linaurudisha mlio. Vaa vizibo viwili kwa pamoja: sponji ndani, hedifoni za kuzuia kelele juu yake. Sponji isokote mpaka iwe nyembamba kama njiti, vuta sikio juu na nyuma kwa mkono wa pili, isukume ndani, kisha ishikilie kama nusu dakika mpaka ivimbe. Wengi wanaichomeka juu juu tu, halafu wanalalamika haifanyi kazi. Mwenye mtandio avae hedifoni ndani ya mtandio, mpira wake uguse ngozi. Kitambaa kikikaa katikati, sauti inapita. Miwani yenye mikono minene hufanya vivyo hivyo.

Darubini ndiyo tiketi yako halisi. Lenzi ya mbele iwe milimita 60 hadi 80, ukuzaji wa 20 hadi 60. Hiyo 60 iache. Lenzi ya milimita 60 ikikuza mara 60, mwanga unaofika jichoni una upana wa milimita moja tu, picha inakuwa ya giza, na joto la ardhini nalo linakuzwa pamoja na kila kitu. Baki kwenye 25 au 30. Chagua yenye kioo cha jicho kilichoinama, utaweza kukaa kitini badala ya kuinama siku nzima. Stendi nyepesi inatikisika. Ninginiza mfuko wa mchanga au chupa ya maji chini yake. Usitarajie kuona tundu la milimita sita kwa umbali ule. Nimesikia watu wakiilaumu darubini kwa hilo, na darubini haina kosa.

Cha kutazama ni mazigazi, yale mawimbi ya joto yanayocheza juu ya ardhi. Lenga shabaha mpaka iwe safi, kisha rudisha fokasi kidogo kwa karibu hadi shabaha ififie na mawimbi yakolee. Yakipanda juu wima kama maji yanayochemka, upepo umekufa, au ni wa omo, yaani wa kukujia usoni, au unatoka nyuma moja kwa moja. Yakiinama, kuna upepo mdogo wa mbavuni. Yakilala na kutiririka kama mto, umeshika nguvu. Ukizidi kilomita 20 hivi kwa saa, mawimbi yanalala kabisa na hayakwambii tena tofauti, hapo rudi kwenye bendera. Upepo wa mbavuni wa kilomita tano kwa saa, ambao shavuni hauhisiki vizuri, unaisukuma risasi ya milimita sita kiasi cha nusu mita mpaka ifike.

Hili unaweza kujifunza nyumbani kabla hujakata tiketi. Nenda Paje au Jambiani maji yakitoka, saa nane au saa tisa mchana. Asubuhi usiende, jua liko upande huohuo wa bahari, na jua ndani ya darubini linapofua jicho. Elekeza kwenye vigingi vya mwani vya mbali kabisa. Ukitazama mwambani, kusi inatoka kuliani kwako na mawimbi yanakwenda kushoto. Msimu wa kaskazi ni kinyume chake. Kaa mpaka uweze kusema upepo unageuka kabla hujausikia mwilini.

Zamu yenyewe inakwenda hivi. Kwanza muda wa majaribio: watu walio handakini chini ya shabaha wanaishusha, wanaweka kibati cha rangi palipopigwa, wanaipandisha, na hicho kibati unakiona vizuri. Kisha karatasi mpya, na risasi za kuhesabiwa. Sasa hakuna anayeonyeshwa kitu, si mpigaji wala wewe. Wapo wanaomaliza risasi tano chini ya nusu dakika ili zote zipite katika upepo mmoja, na wapo wanaosubiri ule upepo wao urudi. Mimi nawapendelea hawa wa haraka: mkono wa kulia kwenye bolti, lile komeo la kufungia risasi, wa kushoto unalisha risasi, jicho halitoki kwenye darubini ya bunduki, na kila pigo bunduki inasukumwa mbele mpaka kizuizi kilekile. Hatari yao ni mazigazi kugeuka kwenye risasi ya tatu. Wewe utaona, wao hawana nafasi ya kujizuia. Kosa jengine baya ni kupiga shabaha ya jirani. Karatasi ya jirani inarudi na matundu sita, na adhabu inafuata.

Ukiruhusiwa kukaa nyuma ya meza sawasawa na mtutu, shusha ukuzaji hadi 20, weka fokasi katikati ya njia. Utaiona risasi yenyewe: mkunjo wa hewa unaopanda karibu mita tatu juu ya mstari wa jicho, kisha unashuka kwenye shabaha. Safari nzima ni kama sekunde moja na nusu. Hii peke yake kwangu ina thamani ya siku nzima.

Kamba ya watazamaji usiivuke, na mtu aliyekwisha kaa mezani usimsemeshe. Amri ya kusitisha ikitoka bolti zote hutolewa, hakuna anayegusa bunduki mpaka walioko handakini warudi.

Dosari kubwa kwa mtazamaji ni kusubiri. Matokeo huja pale karatasi zinapoletwa na kubandikwa kwenye ukuta ambao wapigaji wenyewe wanauita ukuta wa vilio. Usikose hapo. Kundi lililotanuka kulia na kushoto limeharibiwa na upepo. Lililosimama juu na chini, kosa liko kwenye risasi au kwenye mfuko wa mchanga: kasi ikitofautiana mita tatu kwa sekunde, tundu linahama kama sentimita tano, ndiyo maana baruti wanaipima karibu punje kwa punje. Mpimaji anaweka kioo chenye duara la ukubwa wa risasi juu ya tundu, analishika kitovu, kisha analifuata la mbali zaidi. Piga picha akishamaliza, na karatasi usiiguse kwa kidole: kingo za tundu zikichanika, hakuna tena pa kupimia.